Baba, Nimeuvuta Mkanda Mpaka Mwisho

Kwako Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutajibu, lakini wewe mwenyewe ulikuwa ukisema salamu haikatwi kwa kuwa mtu hajajibu. Basi naitoa, na marahaba nitaisikia kwa sauti yako ile ya mtu anayetafuta miwani.

Nakuandikia hapa Ibra, nyumbani kwa Mama, chumba cha mbele. Mjukuu wako Maya amelala kifuani kwangu na mkono mmoja tu ndio wa kuandikia. Hukumuwahi. Ana miezi minane, ana masikio yako, na akiamka huangalia kila mtu kwanza kabla ya kucheka, kama anayeuliza wewe nani na umetumwa na nani. Mama anasema hiyo kaitoa kwangu.

Utanisamehe makosa. Skuli nimesoma kwa Kiarabu, na sikufika mbali, darasa la kumi na moja nikaolewa. Kiswahili changu nimekiokota jikoni kwa Mama na ndani ya gari yako. Na barua hii sikuifunga. Ndugu yangu Hilal ataipeleka kwenye kundi la ukoo la simu, na huko itakwenda Omani nzima, Sur, Nizwa, mpaka kwa jamaa wa Maskati. Mama hakutaka, mwisho amekubali. Nina swali nataka kukuuliza mbele za watu, kwa kuwa peke yangu nimeliuliza mpaka limenichosha.

Baba, ulijua?

Ngoja kwanza nikuhesabie nasaba, maana ulipenda kuihesabu. Watoto wengine babazao waliwafunza nasaba ya ukoo wao. Wewe ulitufunza na ya gari. Mjerumani wa kwanza, Mjerumani wa pili, Mjerumani wa tatu, na jina nyuma ya buti ni lile lile, kama mjukuu aliyepewa jina la babu.

Wa kwanza alikuwa wa Babu, huko Bujumbura. Mimi namjua kwa picha tu. Gari ya pembe pembe kama boksi la sabuni, taa mbili za duara, rangi ya chai ya maziwa, na wewe mdogo umekaa juu ya boneti, soksi moja imeanguka. Ulituambia boneti ya gari ile ukiifungua waiona injini yote, na baina ya injini na ubavu waiona ardhi, kuku akipita chini wamuona. "Gari isiyo na siri," ukisema, na Hilal akiuliza kama kuku alikuwa akipita kweli au umemtia wewe.

Wa pili ulimnunua hapa Ibra ulipomuoa Mama. Kanenepa kidogo, pembe zimelainika, redio ina kaseti. Dirisha bado za kuzungusha, na la Mama lilikatika mkono, akawa analizungusha kwa koleo. Koleo ikikaa kwenye mkoba wake pamoja na poda. Gari ile uliitengeneza mwenyewe kwa bisibisi moja na Bismillahi, na mimi nikikushikia kitambaa. Ukinipa kijiti cha kupimia oili nikifute, nikitie tena, nikitoe, nikusomee. Nilikuwa na miaka sita, najua oili kabla sijajua kusoma.

Wa tatu ndiye aliyekuwa akisimama hapa nje, chini ya paa la mabati, nikimuona kwa dirisha. Huyu alikuja na dirisha za umeme na mifuko ya hewa inayopasuka gari ikigonga, na injini yake ina kifuniko cheusi juu, huoni kitu. Siku ulipomleta ulifungua boneti, ukakiangalia kile kifuniko, ukasema, "Wamemvisha buibui." Mama akacheka. Wewe hukucheka. Ukasema neno ambalo nimelala nalo na kuamka nalo wiki mbili hizi.

"Anayeficha injini anaficha nini?"

Baba, nakuuliza na mimi.

Mambo yalianza na Nassor, mume wangu, unamjua, ulimpa mkono wangu na huku umemtolea macho. Amepata kazi ya ofisini Nizwa, anakuja Alhamisi anarudi Jumamosi, na sasa tumepata nyumba huko, tunahama. Mama hakubali kuhama, basi kila wiki nitakuwa na njia ya kuja Ibra na kurudi, mimi na Maya, kwenye njia ile ya malori na wadi, mito mikavu inayofurika mvua ikinyesha. Nassor akasema gari ya Mzee imechoka, tuiuze, tumtie mtoto kwenye gari ya kuaminika. Akanipeleka Nizwa kuangalia Mjerumani wa nne.

Ungemuona, Baba. Mpana kama sofa, uso umekunjwa kama mtu aliyeamshwa, taa nyembamba zimekodoa. Ufunguo hauna jino, unabonyeza kitufe gari inawaka bila sauti, hujui kama imewaka au imekupuuza. Muuzaji alikuwa kijana mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Tulizungumza Kiarabu, lakini nakuandikia kwa lugha yetu.

Nikamwambia afungue boneti. Akafungua, uso wake unasema mama huyu anataka nini humu. Nikatafuta, nikatafuta.

"Kijiti cha kupimia oili kiko wapi?"

"Hakuna, mama. Siku hizi hakuna. Gari yenyewe itakwambia kwenye skrini."

"Na ikinidanganya?"

"Gari haidanganyi."

"Basi hii ni ya kwanza."

Nassor akakohoa. Nikaenda nyuma, nikanyanyua zulia la buti. Tairi la akiba hakuna, pana kichupa cha povu. Kijana akanieleza kuwa tairi likitoboka unalipulizia povu. Nikamuuliza kama yeye na wake zake wamewahi kukwama baina ya Nizwa na Ibra na kichupa cha povu. Akasema hajaoa. Nikamwambia ndiyo maana.

Njiani kurudi Nassor akaniambia, "Wewe ukienda peponi utaomba ufunguliwe boneti." Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyolelewa. Lakini nilikuwa nafikiri jambo. Kwenye kila kizazi cha gari hii wanatuongezea raha na wanatupunguzia cha kuona kwa macho yetu. Kwa Babu uliona ardhi. Kwako ukaona kifuniko. Kwangu mimi hata kijiti hakuna, ni kuamini tu. Na mimi kuamini hukunifunza. Wewe ulinifunza kunusa zulia, kukwaruza kutu kwenye parafujo za chini ya kiti, kuangalia ndani ya taa kama pana ukungu, kupitisha kidole kwenye pembe za buti ambako wanaoosha gari huwa hawafiki. Kila gari ya jirani iliyokuja kuuzwa mtaani ulinichukua nikaikague na wewe, na mimi nikajiona binti wa maana.

Sasa njoo kwenye mkanda.

Alhamisi ya wiki ya juzi nilikuwa nampeleka Maya sindano. Kiti chake cha mtoto tumekinunua kipya, kimekuja na karatasi ya michoro. Mchoro unaonyesha kiti kinafungwa nyuma, upande wa kulia, na mkanda wa gari lazima uvutwe wote, mpaka mwisho kabisa, ndipo ukaze. Mimi nyuma kulia sijapata kukaa maisha yangu. Unajua kwa nini. "Hapo ni pahala pa mgeni," ukisema. Mimi nikikaa kushoto, Hilal katikati, na kulia ukiweka katoni ya maji, au gunia la tende, au kilemba chako umekikunja vizuri. Hata tukibanana, hata Hilal akinitapikia, pale hapakaliwi. Na mgeni mwenyewe akija, ukimkalisha mbele, Mama akirudi nyuma na sisi, tunajazana watatu kushoto kama vitunguu. Tulidhani ndiyo adabu.

Nikauvuta ule mkanda. Ukaja mweusi, ukaja mweusi, kisha kile kipande cha mwisho, kinacholala ndani ya ubavu wa gari, kikatoka na rangi ya chai. Baina ya weusi na rangi ya chai pana mstari. Tope kavu likanidondokea mapajani, laini kama unga wa mtama. Nikauachia, haukurudi. Nikauvuta kwa ghafla kama karatasi ya kiti ilivyoagiza, maana mkanda mzima ukivutwa kwa ghafla hukataa. Haukukataa. Ukatoka tu, kama utepe wa kaseti.

Nikakaa pale na mtoto mkononi. Jua linachoma, nimeacha mlango wazi. Nikayaona mambo yote kwa mpigo, na kila moja lilikuwa jambo nililolipenda.

Udi. Kila Ijumaa kabla ya sala ulikuwa ukiingiza chetezo ndani ya gari, ukifunga milango, moshi ukitanda kwenye vioo. Nikienda kwa wenzangu nikijisifu, gari ya baba yangu inafukizwa kama bibi harusi. Ile ndiyo harufu yako kwangu, Baba. Ulipofariki nilikwenda nikajifungia ndani ya gari nikaivuta pumzi mpaka nikaishiwa. Sasa najiuliza nilikuwa navuta udi, au kilichofunikwa na udi.

Na ile honi iliyopiga peke yake sala ya Idi, imamu yuko kwenye takbira, na wewe safu ya pili umeganda huwezi kutoka. Hilal akasema gari ina jini. Kumbe ni nyaya zilizoingia maji, na wewe ulitununulia halua tunyamaze.

Na kila kitu ulinifunza kukagua, kila kitu, ila mkanda.

Sindano hatukwenda. Niliingia jikoni. Mama alikuwa anachagua mchele.

"Mama, gari hii imezama."

"Nani kakwambia?"

"Mkanda."

"Mkanda una mdomo?"

"Una tope."

Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Akaniambia, "Funga mlango," na nyumbani tulikuwa peke yetu.

Baba, ile siku mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa, ulinichukua Sur, ng'ambo ya daraja, mtaa wa Aija, kwa bwana mmoja aliyekuwa anauza gari. Jina lake nalifumba, ana watoto na wajukuu. Hata mwaka haujatimia tangu mvua kubwa ile iliyouingiza wadi ndani ya nyumba za watu. Mtu yeyote mwenye akili angetia shaka na gari ya Sur mwaka ule. Lakini bwana yule alitoka mlangoni, akasema "Karibuni, starehe," kwa Kiswahili kama chako, na pale pale nikaona mabega yako yamelegea.

Dele la kahawa likaja, na tende, na halua. Mkaulizana wazee. Babu yako na babu yake, mtaa mmoja Bujumbura, duka kwa duka. Ukamtajia gari ya rangi ya chai ya maziwa, akaruka. "Ile gari ya kuku?" Ukacheka mpaka ukatoa machozi. Mimi sijakuona unacheka vile kabla wala baada. Nikakuuliza kwa sauti, mbele yake, "Baba, hufungui boneti?" Ukanifinya pajani. Kidogo, lakini ulinifinya.

Sikufahamu. Sasa nafahamu. Sisi watu tuliorudi Omani kutoka Afrika tuna ugonjwa huu. Mwarabu wa hapa akikuuzia gari utaingia chini yake ulale chali. Mtu wenu akikutilia finjani, mkatajiana mtaa, basi kumkagulia gari ni kumwambia usoni wewe mwizi. Umeshakunywa kahawa yake. Utasimamaje na kahawa yake tumboni ukanuse zulia lake?

Mama ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Siku ya tatu maji yalitoka chini ya zulia yakakulowesha soksi. Ukaling'oa zulia lote, ukalianika juu ya paa siku saba, sisi ukatuambia limeingia kunguni. Ukarudi Aija kwenda kugombana. Mama anasema ulitoka hapa umevuta pumzi kama mtu anayekwenda vitani. Jioni ukarudi na gari ile ile na samaki.

"Samaki gani?" nikamuuliza.

"Nguru. Mkubwa, wa watu ishirini. Kasema alipofika tu alitiliwa kahawa."

"Na yule bwana alijua kuwa gari imezama?"

"Baba yako kasema hakujua."

Mimi nina shaka, Baba. Mtu asiyejua hatoi nguru mkubwa kiasi kile.

Na huo mkanda, kwa nini hukuubadilisha? Mama anasema ulikwenda Sanaiya, kwenye gereji, ukasimama nje, ukarudi. Fundi angeuliza mkanda umekufaje, na fundi akiuliza jambo Ibra, ikifika alasiri mpaka mji wa Samad wameshajibu. Basi ukausukumiza kwa mkono mahala pake, na pahala pale ukapafanya pa mgeni.

Nilimwambia Mama, "Kwa hiyo miaka yote tulikuwa tunapanda gari mbovu."

"Mlikuwa mnapanda upande mzima," akasema. "Yeye alikagua mikanda mingine mmoja mmoja. Alijifunga nayo, akijirusha mbele kama mwendawazimu. Hata mimi nilicheka." Kisha akafanya uso ule wake wa kukataza. "Lakini wanunuzi wakija, wewe nyamaza. Mzee wetu hajapata kuitwa mjinga wala mwongo. Ukisema, watachagua moja."

Wanunuzi walikuwa wanakuja Jumamosi.

Baba, siku mbili sikuweza kula vizuri. Nisikufiche, nilifikiri kunyamaza. Bila gari ile kuuzika, ya kuaminika hatuipati, na Maya ndiye nitakayemweka kwenye njia ya wadi. Nikajiambia gari inakwenda, miaka kumi na saba imekwenda. Nikajiambia nitafukiza udi. Nilikishika chetezo, wallahi. Nilikuwa nimesimama nacho mlangoni mwa gari, mkanda nimeshausukumiza ndani kwa mkono, makaa yameshika, kabla sijajiona. Nikakirudisha jikoni, nikayazima makaa.

Wakaja mume na mke kutoka Samad ash-Shan, Salim na Rayya. Vijana, yeye analima na baba yake na anafanya kazi kidogo serikalini, mke ana mtoto wa kiume wa rika la Maya, mnene, amelala. Nassor alikuwepo. Mama akatoa dele. Sikutaka kahawa itangulie, nilimwambia waangalie gari kwanza, lakini Mama keshatia. Salim akasikia lafudhi ya Mama, akatabasamu.

"Nyinyi ni wa bara au wa Unguja?"

"Bujumbura," Mama akasema.

"Bibi yangu Bujumbura."

Nikafumba macho. Nilijua kila neno litakalofuata. Wakautafuta mtaa, wakaupata. Salim akaweka finjani yake chini, akasema kwa raha kabisa, kama mtu aliyefika kwao, "Basi sisi jamaa. Mimi sina haja ya kufungua boneti. Nitafungua boneti ya Mzee wenu kwa nini, namtuhumu?"

Nassor akaniangalia. Mama akaangalia dele. Kifinyo chako kile cha Aija nilikisikia upya, hapa pajani.

Rayya akanyanyuka na mtoto. "Ngoja niijaribu nyuma, mimi ndiye nitakayekaa nyuma na huyu." Nikamfuata. Akapita mlango wa kushoto. Akafungua wa kulia.

"Hapo ni pahala pa mgeni."

Si mimi niliyesema. Ni Mama. Alikuwa amesimama kizingitini na dele mkononi, na neno lilimtoka bila kulipanga. Mama yule yule aliyeniambia ninyamaze.

Rayya akacheka. "Na mimi si mgeni?" Akaingia. Akakaa, akamweka mtoto pajani, akanyoosha mkono kuutafuta mkanda.

Nikamwambia, "Rayya, ondoka hapo."

Akaniangalia, bado anacheka nusu.

"Nipe mtoto. Sasa uvute mkanda. Uvute mpaka mwisho."

Akauvuta. Ukaja mweusi, ukaja mweusi. Kisha kikatoka kipande cha mwisho. Alikitazama kile kipande cha rangi ya chai, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa kidole. Akamwita mumewe kwa jina tu, bila bwana wala baba fulani. Salim akaja. Nikawaeleza yote, zulia, honi, udi, mkanda usiokataa. Nikawaeleza na Aija, bila jina. Nilikuwa nasema na mtoto wao ameshika ushungi wangu, na sikuweza kumwangalia Mama.

Salim akauliza, "Mzee alijua?"

Nikasema, "Alijua."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka. Mama akaja taratibu mpaka kwenye gari, akaweka mkono juu ya paa lake. Akasema, "Alijua, na hapo hakumkalisha mtu. Miaka kumi na saba. Mkitaka kumwita mjinga, mwiteni. Mwongo mwiteni pia. Lakini semeni na hilo."

Hawakuita lolote. Salim akarudi barazani, akaimaliza kahawa yake iliyokuwa imepoa, akaitikisa finjani kama mtu aliyetosheka, akatuaga kwa heshima. Gari hawakuchukua. Nilipoona vumbi lao limekwisha nililia, kisha Nassor akasema, "Sasa tufanye nini?" na Mama akasema, "Tule."

Baada ya siku tatu Rayya akanipigia simu. Nikadhani wana lawama, nikaipokea nimejikaza. Akasema Salim amepata gari nyingine, Nizwa, kwa jamaa wa bibi yake upande mwingine. Akashusha sauti.

"Watatutilia kahawa," akasema. "Na mimi namjua Salim. Njoo na sisi, tafadhali. Njoo uikague kabla dele halijatoka."

Nimekwenda, Baba. Nimenusa zulia, nimekwaruza parafujo, nimeivuta mikanda yote mitano mpaka mwisho na kila mmoja nikaurukia. Mwenye gari alinuna mwanzo. Mwisho akasema na yeye hajui mambo haya, nimfunze. Ilikuwa nzima. Ndipo tukanywa.

Gari yako imekwenda Sanaiya, kwenye gereji zile zile. Mwenye kuvunja gari kwa vipande kaichukua, na Nassor kamuandikia kwa kalamu, imezama, ili hata kipande kisimdanganye mtu. Bei ikawa ndogo, kwa hiyo Mjerumani wa nne mpya hatukumpata. Tumepata wa nne aliyetumika, wa mwalimu mmoja wa Nizwa, mwanamke, si mtu wetu. Nilimkagulia asubuhi nzima. Aliniletea chai mara mbili nikasema bado. Kijiti cha oili hakuna, Baba, nimekubali, naisoma skrini na siiamini, na kila Ijumaa Nassor ataichungulia chini kama imedondosha oili. Tairi la akiba tumelinunua wenyewe, limekula nusu ya buti. Udi sitii. Natamani, lakini sitii mpaka nijue inanuka nini yenyewe.

Kuhusu swali langu, jibu ninalo, kilichobaki ni nikuweke wapi moyoni. Siku nyingine nakulaumu. Mfuko wa hewa ulikuwa mzima? Hukujua, na Mama alikaa mbele. Ungesema neno moja tu Aija, kabla ya kahawa. Siku nyingine nakuona unajirusha na mikanda kama mwendawazimu, unatafuta upande mzima wa kutukalisha. Zote mbili nitazichukua. Nadhani hata nasaba huwa hivyo, unarithi jina, na uso uliokunjwa pia.

Kesho tunahamia Nizwa. Kiti cha Maya nimekifunga nyuma kulia, kama mchoro unavyotaka, na mkanda wake ukiuvuta kwa ghafla unakataa. Leo asubuhi alikaa pale akitukagua wote. Pale pahala pa mgeni, Baba, mgeni mwenyewe amefika.

Lala salama. Mimi sijaacha kukusalimia.

Binti yako, uliyemkalisha kushoto.